Jasho Lina Hesabu Yake

Ukitaka kujua mtu anapata pesa ngapi, utadhani kumuuliza kunatosha. Keti na mama anayeuza omena katika soko la Bumala, Kaunti ya Busia nchini Kenya, umuulize kipato chake. Papo hapo utaona kwamba swali lako halijakamilika. Kipato cha siku ipi, ya soko au ya kawaida? Kabla ya kumlipa mwenye gari lililoleta mzigo, au baada? Omena aliyowapikia wanawe jana usiku ihesabiwe au iachwe? Na zile saa alizokaa kibandani huku akimnyonyesha mtoto na kungoja wateja, ni saa za kazi au sizo?

Mwanauchumi wa mishahara na ajira anaishi na maswali ya namna hiyo kila siku. Wapo wanaoyaruka, wakachukua namba ya kwanza waliyotajiwa na kuifanyia hesabu nzito. Wapo pia waliotulia Busia kwa zaidi ya miaka ishirini, wakiwarudia watu walewale, wakiuliza upya, wakisahihisha. Hao ndio ninaowasifu hapa, na pamoja nao wahojaji wa Kiluhya, Kiteso na Kijaluo ambao bila wao hata namba moja isingepatikana.

Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, na kwa mabadiliko kama hayo ndugu wakajikuta wako nchi mbili. Wasamia wako pande zote, Waiteso vilevile. Upande wa Uganda, Busia ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo hadi 1997, ilipopewa wilaya yake. Tangu 2018 magari hukaguliwa katika kituo kimoja cha pamoja badala ya viwili, na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ya 2010 inamruhusu mfanyakazi kuvuka kutafuta riziki. Lakini sheria ya ujira haivuki naye. Kenya hutangaza kima cha chini cha mshahara kwa gazeti rasmi la serikali, ikitofautisha miji mikubwa na maeneo mengine. Uganda ilipanga kima chake mwaka 1984, shilingi 6,000 za huko kwa mwezi, kiasi ambacho leo hakina maana yoyote. Bunge lilipitisha mswada mpya mwaka 2019, na Rais Museveni akakataa kuutia saini. Kwa hiyo kuli anayebeba magunia mtaa wa Sofia, upande wa Uganda, na mwenzake anayebeba magunia hatua chache kutoka hapo upande wa Kenya wana kazi ileile na mgongo uleule, chini ya sera mbili zisizofanana. Mahali pa namna hii panadai mtu anayejua kupima.

Hamu ya kuelewa tofauti za ujira katika sehemu zetu si ya leo. Mwaka 1964 serikali ya Kenya, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana: serikali iongeze ajira kwa asilimia 15, kampuni binafsi kwa asilimia 10, na wafanyakazi wasidai nyongeza ya mshahara kwa muda. Nia ilikuwa kupunguza wasio na kazi mjini. Habari za nafasi hizo zikafika vijijini, watu wengi zaidi wakafunga safari, na ukosefu wa kazi ukabaki. John Harris na Michael Todaro waliiona hali hiyo, na mwaka 1970 wakachapisha nadharia ambayo bado inafundishwa duniani kote: mtu wa shamba haendi mjini kwa sababu kuna kazi, anakwenda kwa sababu ya matumaini ya kuipata, mshahara wa mjini ukizidishwa na uwezekano wa kuajiriwa. Mwaka huohuo serikali ya Milton Obote iliwafukuza Uganda maelfu ya wafanyakazi wasio raia, wengi wao Wakenya waliokuwa wamevuka kwa reli na barabara zinazopita Tororo kwenda Jinja na Kampala. Nadharia na amri ya serikali zilizungumzia watu walewale. Kilichokosekana ni mtu wa kuwafuata hao watu mmojammoja ili ijulikane safari ilimfaidi nani na kwa kiasi gani.

Mwanzo wa ufuatiliaji huo, ajabu, haukuhusu mishahara hata kidogo. Ulihusu minyoo. Michael Kremer alikuwa kijana aliyefundisha shule ya sekondari Kakamega katikati ya miaka ya 1980, kabla hajawa profesa. Aliporudi Kenya Magharibi miaka ya 1990 alianza kufanya utafiti pamoja na shirika la Kiholanzi la ICS lililosaidia shule za Busia. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza: ikiwa msaada hauwezi kufika shule zote kwa mara moja, zianze chache zilizochaguliwa bila upendeleo, kisha zilinganishwe na zile zinazongoja zamu. Mwaka 1998, akiwa na Edward Miguel, kazi ilianza katika shule 75 za msingi za Budalangi na Funyula, zenye watoto zaidi ya 30,000. Shule zikaorodheshwa, kila ya tatu ikaingia kundi moja. Kundi la kwanza la shule 25 lilipata dawa za minyoo na kichocho mwaka 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba utoro ulipungua kwa robo, na kwamba hata watoto wasiomeza dawa walinufaika, kwa kuwa maambukizi yalipungua mazingira yote.

Watafiti wengi wangefunga faili hapo. Miguel na wenzake walijiuliza jambo moja zaidi: watoto hawa wakikua, watapata riziki gani? Swali hilo ndilo lililoifanya Busia kuwa mahali pa kujifunza soko la ajira. Walichagua sampuli ya wanafunzi wa zamani wapatao 7,500 wakaanza kuwafuata. Duru ya kwanza ilikuwa 2003 hadi 2005, ya pili 2007 hadi 2009, ya tatu 2011 hadi 2014, ya nne ikaanza 2017 na kuendelea hadi 2021. Aliyekuwa na miaka kumi alipomeza kidonge darasani Funyula, duru ya nne ilimkuta mtu mzima mwenye watoto wake.

Hapa ndipo ufundi unapoonekana, na ndipo ninapopenda kukawia. Kumpata tena mtu baada ya miaka mitano si kazi ndogo. Msichana aliyeandikwa shuleni kwa jina la baba ameolewa Malaba na anaitwa mama fulani. Kijana mwingine yuko Kayole, Nairobi, na simu aliyoacha imeshapewa mtu mwingine. Wa tatu amevuka kwa shangazi yake upande wa Tororo. Mhojaji huanzia nyumbani kwao. Huuliza wazazi, mwalimu wa zamani, mzee wa kijiji, wenzake wa darasa, kisha hufunga safari. Anayejua Kisamia anapata majibu ambayo mgeni hangepata, kwa sababu mama hatamwambia mtu asiyemjua mahali mwanawe alipo. Huenda ni polisi, huenda ni mtu wa mkopo. Imani hiyo hujengwa kwa heshima: kusalimia kwanza, kukaa unapokaribishwa, kueleza umetumwa na nani na majibu yatatunzwa vipi, na kukubali kuambiwa hapana.

Hata hivyo wapo wasiopatikana, na wasiopatikana hawafanani na waliopatikana. Ukiwahoji waliobaki kijijini peke yao, umewahoji hasa wale ambao hawakwenda popote, na hesabu yako ya ujira imeharibika kabla hujaianza. Dawa waliyotumia watafiti wa Busia ninaiona kuwa ya uzuri wa pekee. Baada ya msako wa kawaida, waliwachukua wale ambao hawajapatikana, wakachagua kwa bahati nasibu takriban robo yao, kisha wakaelekeza nguvu, nauli na muda wote uliobaki kwa hiyo robo tu. Kila anayepatikana katika robo hiyo huhesabiwa kwa niaba yake na ya wenzake watatu ambao hawakutafutwa tena. Wangeweza kutawanya nauli kwa wote na kuwapata wale wepesi, namba ya waliohojiwa ikapendeza machoni. Walipendelea wachache wagumu kuliko wengi rahisi, kwa sababu mgumu kupatikana ndiye anayebeba habari wasiyokuwa nayo.

Akishapatikana, linakuja swali la ujira. Hojaji haiulizi "unapata ngapi?" ikaishia hapo. Huuliza saa za kazi katika siku saba zilizopita, malipo ya mwezi uliopita, chakula au malazi anayopewa na mwajiri, faida ya biashara baada ya gharama. Tuseme, kwa mfano tu, kijana analinda duka kwa shilingi 12,000 kwa mwezi, saa 12 kwa siku, siku sita kwa wiki. Jirani yake anachomelea vyuma na kupata 9,000, lakini anafanya kazi saa 40 kwa wiki. Kwa mwezi mlinzi amemshinda. Ukigawanya kwa saa, mlinzi anapata kama shilingi 39 na fundi kama 52. Sera inayotazama mwezi itamwita mlinzi mwenye nafuu, na sera inayotazama saa itauliza kwa nini mtu huyu anachoka hivyo kwa malipo haya. Na mkulima wa mihogo anayekula sehemu kubwa ya alichovuna ana hesabu ngumu kuliko hao wawili: kilimo cha nyumbani ni kazi ambayo hailipi mshahara lakini inalisha. Duru za mwanzo za utafiti huo hazikukipima vizuri, na za baadaye zikarekebishwa.

Mfano mwingine wa upimaji wa karibu namna hii uko palepale Busia. Baiskeli za abiria zilianzia mpaka huu, zikibeba watu na mizigo kati ya vituo viwili vya forodha miongo mingi kabla pikipiki hazijatawala Afrika Mashariki. Pascaline Dupas, Jonathan Robinson na Santiago Saavedra waliwafuata waendeshaji baiskeli 257 kwa kumbukumbu za kila siku. Kila abiria ana mstari wake: saa aliyopakiwa, saa aliyoshushwa, nauli aliyolipa. Mwendeshaji pia alieleza siku hiyo anahitaji pesa za nini: karo, dawa, mchango wa msiba. Ukilisoma ukurasa kwa ukurasa daftari la namna hiyo, unaona siku nzima ya mtu, kuanzia abiria wa alfajiri hadi saa aliyoamua kurudi nyumbani. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2020, ni kwamba mwendeshaji hufanya kazi zaidi siku aliyo na hitaji, na hitaji likishatimia uwezekano wa kuacha kazi hupanda. Watafiti walipowapa baadhi yao pesa za bahati nasibu siku fulani, mwendo wa kazi haukubadilika. Wale wanaosema kijana wa boda akipata kidogo analala wangepaswa kulisoma daftari hilo. Mtu huyu ana bajeti, ana lengo, na lengo hilo mara nyingi ni la mtoto au mgonjwa.

Faida kubwa ya subira hii yote ilionekana lilipokuja swali la zamani la Harris na Todaro. Takwimu za nchi nyingi maskini zinaonyesha kwamba mtu wa mjini anazalisha na kupata zaidi ya mara mbili ya mtu wa shamba. Wengi wakahitimisha kwamba ukiwahamisha watu kutoka shamba kwenda mjini, umaskini utapungua kwa nguvu hiyohiyo. Joan Hamory Hicks, Marieke Kleemans, Nicholas Li na Miguel walichukua watu wa Busia waliofuatwa kwa miaka, pamoja na takwimu kama hizo kutoka Indonesia, wakafanya kitu ambacho takwimu za mara moja haziwezi: walimlinganisha mtu na nafsi yake. Mtu huyuhuyu alipata kiasi gani alipokuwa kijijini, na kiasi gani baada ya kwenda mjini? Pengo lile kubwa likapungua kwa takriban theluthi mbili hadi sehemu tisa kati ya kumi. Hata miaka mitano baada ya kuhama, halikutanuka. Sehemu kubwa ya kile kilichoitwa faida ya mji ilikuwa faida ya mtu aliyehama: wengi wa wanaohama walikwenda shule zaidi na kufanya vizuri zaidi katika majaribio tangu wakiwa kijijini.

Usinielewe kwamba mji hauna faida. Ulinganisho wa mtu na nafsi yake unawahusu wale waliohama, na hauwezi kusema kwa uhakika yatakayompata yule ambaye hajawahi kutoka. Watafiti wenyewe wanaujua mpaka huo na wanauandika. Lakini kwa serikali, tofauti hiyo ni kubwa. Ikiwa pengo linatokana na mahali, jenga barabara uwasafirishe watu. Ikiwa linatokana na yale ambayo mtu amebeba kichwani na mwilini, anza darasani na zahanati, huko Funyula, kabla hajafikia umri wa kuhama. Na takwimu zilezile zilijibu sehemu ya pili. Mwaka 2021, Hamory, Miguel, Michael Walker, Kremer na Sarah Baird walionyesha kwamba watoto waliopata dawa za minyoo kwa miaka miwili au mitatu zaidi walikuwa, miaka 20 baadaye, na matumizi makubwa kwa asilimia 14, ujira wa saa mkubwa kwa asilimia 13, na saa nyingi zaidi za kazi zisizo za kilimo. Kidonge cha bei ndogo kilionekana katika mshahara wa mtu mzima. Hakuna njia nyingine ya kulijua hilo isipokuwa kungoja.

Sera ya mafunzo ya ufundi nayo ilipimwa kwa watu haohao. Kuanzia mwishoni mwa 2008, vijana zaidi ya 2,000 wa Kenya Magharibi waliomba vocha za kulipia vyuo vya ufundi, na nusu yao wakapewa kwa bahati nasibu. Kabla ya kuchagua kozi, baadhi yao walielezwa ukweli ambao wengi hawakuujua: fani zinazojaa wanaume, kama umakanika na umeme, zinalipa zaidi ya ushonaji na ususi ambako wasichana wengi huelekezwa. Wasichana walioambiwa hivyo walielekea zaidi kuchagua fani hizo. Vocha iliwaongezea vijana masomo, lakini nyongeza ya kipato haikuja haraka kama wanasiasa wanavyoahidi. Upande wa pili wa mpaka, utafiti wa Livia Alfonsi, Oriana Bandiera na wenzao, uliochapishwa mwaka 2020, ulilinganisha vijana wa Uganda waliosomea ufundi chuoni na waliofundishwa ndani ya karakana. Wote walinufaika, lakini wa chuoni walizidi kadiri miaka ilivyopita, kwa sababu cheti chao kinatambuliwa na kila mwajiri, ilhali ujuzi wa yule wa karakana anaufahamu bosi wake tu. Fundi wa Tororo anayetaka kuvuka Malaba kutafuta kazi ana sababu ya kulisikiliza hilo.

Ninawaheshimu wapimaji hawa pia kwa namna walivyopokea lawama. Walitoa takwimu zao hadharani. Mwaka 2015 wanasayansi wa afya kutoka London walizirudia hesabu za 2004, wakakuta makosa, hasa katika namna manufaa kwa shule za jirani yalivyokokotolewa. Mjadala ukawa mkali. Miguel na Kremer walikiri makosa hayo, wakaonyesha yapi yanasimama baada ya kusahihishwa, na wengine hadi leo hawakubaliani nao kuhusu uzito wa ushahidi. Kenya ilikuwa imeshaanza mpango wa taifa wa kutibu minyoo shuleni tangu 2009. Mwaka 2019 Kremer alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Tuzo haikufuta makosa, wala makosa hayakufuta kazi. Fundi anayekuruhusu kufungua mashine yake uone nati zilizolegea anastahili kuaminiwa kuliko anayeifunika kwa turubai.

Linalonisikitisha ni moja. Majina yanayojulikana katika kazi hii ni ya maprofesa wa ng'ambo, na maktaba zinazotumia takwimu hizi zaidi ziko mbali na soko la Bumala. Watu wa Busia wamejibu maswali kwa miaka zaidi ya ishirini, wakiwapa wageni na vijana wao muda, viti na ukweli wa mifuko yao. Chuo Kikuu cha Alupe kiko Busia. Chuo Kikuu cha Busitema kiko wilaya ya Busia, upande wa Uganda. Wanafunzi wa uchumi wa vyuo hivyo wanapaswa kuzijua takwimu za Funyula na Budalangi kuliko mwanafunzi wa California, wazikosoe, wazifuatilie hadi kizazi cha watoto wa wale watoto, na wavuke mpaka kupima ujira wa Tororo kwa umakini uleule. Serikali za kaunti na wilaya nazo, kabla ya kutangaza mpango mwingine wa ajira kwa vijana, ziandike majina ya vijana hao, waliopata na waliokosa, na zirudi kuwauliza baada ya miaka mitano. Bajeti ya kuwafuata itengwe siku ileile ya uzinduzi, si baada ya pesa kuisha.